NDOANO YA TELA KWENYE GARI LA ZAMANI: BAMPA HALIVUTI, CHASISI NDIYO INAVUTA



Leo naweka kitu cha kutunza. Mada ni moja tu: jinsi ya kufunga ndoano ya kuvutia tela kwenye gari la zamani, zile Land Cruiser, Prado, Patrol, Pajero na Land Rover ambazo hapa Dodoma zimejaa kila kona. Nimeamua kuiweka yote sehemu moja kwa sababu mara nyingi ni sisi vijana tunaotumwa. Mjomba kanunua gari mnadani, dereva ni wewe, wa kulipeleka kwa fundi ni wewe, na likiharibika njiani wa kulaumiwa ni wewe vilevile. Kama upo kafe na muda unakata, printi, kasome nyumbani, halafu karatasi mpelekee fundi.

Kwa nini mada hii ni ya huku kwetu? Tangu 2016 serikali ilipotangaza kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, na 2018 mji ukawa Jiji, ujenzi haujapumzika. Ujenzi unataka maji, na huku kwetu mvua ni ya miezi michache tu. Mwenye gari la nguvu na tela lenye simtanki ana kazi karibu kila siku. Ukienda upande wa Kibaigwa ni magunia ya mahindi, msimu wa zabibu ni kreti. Tela ni hela, hilo halina ubishi.

Shida ipo kwenye ndoano. Hizi gari nyingi zimetoka Japani zikiwa hazina ndoano kabisa. Basi mwenye gari anakwenda kwa fundi wa kuchomelea, kipande cha chuma kinachomelewa kwenye bampa, mpira wa chuma unawekwa juu, rangi nyeusi, saa moja kazi imeisha. Kwa macho imependeza. Lakini bampa halikutengenezwa kuvuta kitu. Siku moja kwenye tuta, bampa linabaki na tela, gari linaendelea na safari peke yake... na nyuma ya tela kuna bodaboda amebeba abiria. Ndio maana nasema hii sio habari ya urembo wa gari.

Haya, twende hatua kwa hatua.

1. JUA KAMA GARI LAKO LINA CHASISI

Chasisi ni zile reli mbili za chuma zinazopita chini ya gari toka mbele hadi nyuma, zimeunganishwa na vyuma vya kukatisha kama ngazi. Bodi imekaa juu yake tu. Ndoano ya tela inatakiwa ishike hapo, sio pengine.

Zenye chasisi ya ngazi: Land Cruiser 70, 80 na 100, Prado za zamani, Nissan Patrol, Hilux Surf, Suzuki Escudo za mwanzo, Land Rover Defender na Discovery ya kwanza. Mitsubishi Pajero angalia mwaka: zile za kabla ya 1999 zina chasisi ya ngazi, toleo lililoanza 1999 reli zake zimeunganishwa na bodi moja kwa moja.

Zisizo na chasisi ya ngazi: RAV4, Freelander na ndugu zao. Hizi zinaweza kuvuta tela dogo, ila zinataka ndoano iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, yenye vyuma virefu vinavyoingia ndani ya bodi na kugawa mzigo. Ukichomelea kwenye bati la nyuma unachana gari, basi.

Huna uhakika? Ingia chini na tochi. Dakika tano.

2. KAGUA KUTU KABLA HUJATOA HATA SHILINGI

Gari la miaka 25 au 30 lina historia yake. Kama lilikaa Dar, Tanga au Zanzibar, chumvi ya bahari inakula chuma kwa ndani wakati nje rangi inang'aa. Defender zinajulikana dunia nzima kwa kuoza lile boriti la nyuma, na ndilo hilohilo linaloshika ndoano.

Chukua nyundo ndogo, gonga reli zote mbili kuanzia kwenye ekseli ya nyuma hadi mwisho. Chuma kizima kinalia "ting", kilichooza kinalia "tup". Halafu chukua bisibisi nene, bonyeza sehemu yenye magamba. Ikizama, simama hapohapo. Chasisi irekebishwe kwanza. Kufunga ndoano mpya kwenye chuma kilichooza ni sawa na kufunga kufuli jipya kwenye mlango wa karatasi.

Angalia pia alama za ajali: reli iliyopinda, weldingi za zamani, mashimo yaliyotobolewa ovyo.

3. HESABU YA UZITO, USIIRUKE

Hapa ndipo wengi tunadanganyana. Maji lita 1 ni kilo 1. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa ni kilo 1,000. Weka tela lenyewe, chuma na matairi, tuseme kilo 300. Umefika kilo 1,300.

Sasa linganisha. Nchi za Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe mwisho wake ni kilo 750. Mfano mzuri ni Defender: kitabu chake kinaruhusu tela la hadi kilo 3,500 likiwa na breki, lakini lisilo na breki ni 750 tu. Gari lilelile, injini ileile. Kwa nini? Kwa sababu kuvuta sio kazi, kazi ni KUSIMAMISHA. Diesel ya 4.2 itavuta hizo kilo 1,300 bila kulalamika, ila ukikanyaga breki ghafla breki za gari peke yake zinasimamisha vitu viwili, na tela linasukuma kutokea nyuma.

Tela nyingi za kuchomelewa mtaani hazina breki. Kwa hiyo ushauri wangu ni rahisi: kama tela halina breki, funga simtanki ya lita 500. Kilo 500 za maji na tela jepesi la kilo 200 jumla 700, upo ndani ya kipimo. Utapiga tripu mbili badala ya moja, sawa, lakini utazipiga mwaka mzima. Ukitaka lita 1,000, nunua au tengeneza tela lenye breki.

Kitabu cha gari lako kikiwepo, fuata namba zake. Angalia zote mbili: tela lenye breki na tela lisilo na breki.

4. CHUMA CHA KUVUTIA: BOLTI, SIO HARAKA HARAKA

Ndoano iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako ndiyo bora, iwe mpya au imetoka kwenye gari lililobomolewa. Chasisi nyingi zina mashimo ya kiwandani kwenye reli au kwenye boriti la nyuma. Tumia hayo kwanza kabla ya kufikiria drili.

Ikibidi fundi atengeneze, mpe masharti haya:

- Chuma kikuu kikatishe toka reli ya kushoto hadi ya kulia. Mzigo ushikwe na reli mbili, sio moja, sio bampa.
- Kila upande kuwe na pleti nene inayolala kwenye ubavu wa reli, na bolti zisizopungua mbili, ikiwezekana tatu, zikae mbalimbali.
- Asitoboe upande wa juu wala wa chini wa reli. Huko ndiko chuma kinabeba mzigo mkubwa wakati reli inapinda. Ubavuni, katikati, ndio mahali pake.
- Reli za hizi gari ni boksi, ndani kuna uwazi. Ukikaza bolti inayopita pande zote mbili, boksi linabonyea na bolti inalegea baadaye. Dawa yake ni kipande cha bomba kinachoingia ndani, urefu sawa na upana wa reli, bolti ikapita katikati yake.
- Asichomelee kwenye reli kwa kukatisha, yaani mstari wa weldingi unaopita toka juu hadi chini. Moto unabadilisha chuma, na ufa unaanza pembeni ya weldingi. Weldingi za ndoano zifanyike benchini, halafu ndoano ifungwe kwa bolti.
- Kukiwa na kazi yoyote ya moto karibu na gari, betri itolewe waya, na tanki la mafuta liangaliwe lilipo. Kwenye gari nyingi za aina hii tanki lipo nyuma kabisa. Hili sio la utani.

Kuhusu bolti: angalia namba juu ya kichwa. Bolti ya kazi hii imeandikwa 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza inaonyesha nguvu ya kukatika: 8 maana yake nyuton 800 kwa kila milimita mraba. Namba ya pili inaonyesha inaanza kunyooka ikifika asilimia ngapi ya hiyo nguvu: 8 ni asilimia 80. Bolti isiyo na namba, au 4.6 za kufungia mageti, acha dukani. Tumia nati za kujikaza na washa nene.

Kukaza je? Bolti ya 8.8 ya milimita 12 inataka karibu nyuton-mita 80, ya milimita 16 karibu 195. Fundi wengi mtaani hawana spana ya kupima nguvu, lakini ndoo wanayo. Chukua bomba la nusu mita, livalishe kwenye spana ili toka katikati ya bolti hadi ncha iwe sentimita 50, likae mlalo, ning'iniza ndoo yenye maji lita 15. Pamoja na ndoo yenyewe ni kama kilo 16, unapata karibu 80. Kwa bolti ya 16 ni ndoo mbili za lita 20 zilizojaa, hakikisha tu bomba na kamba vinahimili, na miguu yako isikae chini yake. Njia hii inafaa kwa bolti za ubavuni tu, za kusimama wima chini ya gari haziwezi.

Ukishavuta mzigo kilometa 50 hivi, rudia kukaza. Rangi inajibonyeza na bolti mpya inajilegeza. Piga alama ya rangi kwenye nati na pleti, ikisogea utaiona kwa macho.

5. MPIRA WA CHUMA NA MINYORORO

Mipira ya chuma haifanani. Ya Ulaya ni milimita 50, ya Kimarekani ya inchi 2 ni milimita 50.8. Zipo pia za inchi 1 na 7/8 na za inchi 2 na 5/16. Tofauti ya 0.8 kwa macho huioni, lakini kofia ya tela ya inchi 2 kwenye mpira wa 50 inacheza na kujila, na kofia ya 50 juu ya mpira wa inchi 2 haifungi vizuri. Mara nyingi saizi imeandikwa juu ya mpira na juu ya kofia. Zilingane. Mpira wa 50 ukishalika hadi 49, badilisha.

Urefu toka chini: tela likae sawa na barabara, pua isiangalie juu wala chini. Land Cruiser imesimama juu, kwa hiyo mara nyingi mpira unatakiwa ushushwe kwa pleti chini ya usawa wa chasisi. Ulaya wanaweka katikati ya mpira kati ya milimita 350 na 420 toka chini, gari likiwa limepakia.

Minyororo ya usalama ni miwili, sio mmoja, na sio waya wa binding! Ifungwe kwenye chuma kinachoshika chasisi, sio kwenye mpira. Ipite kwa kukatisha chini ya mkono wa tela kama herufi X, ili kofia ikichomoka mkono uangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Iwe mirefu kiasi cha kukata kona, isiburute.

6. TAA ZA TELA

Usiku kati ya Manyoni na Singida, tela lisilo na taa ni ukuta uliowekwa katikati ya njia. Plagi ya kawaida ni ya pini saba, na mpangilio wake wa kimataifa ni huu:

Pini 1, njano: indiketa kushoto
Pini 2, bluu: taa ya ukungu ya nyuma
Pini 3, nyeupe: negativu
Pini 4, kijani: indiketa kulia
Pini 5, kahawia: taa ndogo kulia
Pini 6, nyekundu: breki
Pini 7, nyeusi: taa ndogo kushoto

Rangi za waya wa mtaani usiziamini, pima kwa balbu ya majaribio pini moja baada ya nyingine. Mambo matatu yanasumbua sana:

Negativu. Taa zikiwaka kwa kupokezana au hafifu, ukiwasha indiketa na breki inapepesa, ni waya wa negativu. Usitegemee mpira na kofia kupitisha umeme. Weka waya wake wa milimita mraba 2.5, chuma kikwanguliwe rangi. Taa nyingine waya wa 1.5 unatosha.

Indiketa kupiga haraka au taratibu kuliko kawaida. Flasha za zamani zimepigiwa hesabu ya balbu za gari peke yake. Ukiongeza balbu za wati 21, weka flasha ya kubeba mzigo zaidi.

Volti. Baadhi ya diesel za Kijapani za zamani zinatumia volti 24, na malori vilevile. Tela la balbu za 12 ukilichomeka hapo, zinaungua zote papo hapo. Pima kwanza.

Weka na refrekta nyuma ya tela. Umeme ukikata, refrekta haikati.

7. KUPAKIA

Mkono wa tela unatakiwa ukandamize mpira kidogo: kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 700, pua iwe kama kilo 50 hadi 70. Ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kucheza mkia. Ikiwa nzito mno, gari linakaa nyuma na usukani unakuwa mwepesi.

Utapimaje? Nenda stoo ya nafaka yenye mizani ya magunia. Weka tela sawa, pua isimame juu ya kigogo kilichokaa kwenye mizani, kigogo kiwe kimepimwa kabla. Soma namba, toa uzito wa kigogo. Kama haifai, sogeza tanki mbele au nyuma ya ekseli.

Na jua hili: kilo 100 kwenye mpira sio kilo 100 kwenye ekseli. Land Cruiser 80 ina milimita 2,850 kati ya ekseli mbili. Mpira ukiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kama kilo 142, na ya mbele inapunguziwa 42. Ni mzani wa watoto tu. Ndio maana mpira ukae karibu na gari kadiri inavyowezekana, na springi za nyuma zilizochoka zibadilishwe kwanza.

Tanki: ama limejaa ama liko tupu. Maji nusu tanki yanakimbia mbele na nyuma kila ukishika breki. Likiwa na kuta za ndani za kuzuia maji, hapo sawa.

8. BARABARANI

Kushuka Nyang'oro ukielekea Mtera, au milima ya Kolo njia ya Kondoa, ingiza gia ndogo KABLA ya mteremko. Ukikanyaga breki mfululizo zinachemka na mwisho haishiki kitu.

Tela likianza kucheza mkia, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulikimbia kwa mafuta. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani wima, gari lipungue lenyewe. Halafu simama, rekebisha mzigo.

Na karatasi: tela linasajiliwa na kuwa na namba yake kama gari. Mwambie na mtu wa bima kwamba gari litavuta tela, kabla sio baada.

9. MPIRA SIO WA KUNASULIA GARI

Hili nimeliweka mwisho ili likae kichwani. Mvua zikinyesha, ule udongo mweusi wa mbugani unameza gari hadi mlangoni. Mtu anafunga kamba kwenye mpira wa chuma, gari lingine linavuta kwa kishindo. Mpira ukikatika unaruka kama risasi, unapita kioo na kupita mtu. Watu wamekufa hivi, Australia imetokea zaidi ya mara moja. Gari lililokwama hufungwa kwenye ndoano maalum ya kunasulia iliyoshikwa na chasisi, na watu wote wasimame mbali, mbali kuliko urefu wa kamba.

KABLA HUJATOKA, DAKIKA TATU

- Kofia imefunga mpira? Inyanyue kwa jeki ya tela. Kama gari linanyanyuka nalo, imeshika.
- Pini ya usalama ipo, minyororo imekatisha X.
- Indiketa, breki, taa ndogo: mtu mmoja akae nyuma aangalie.
- Upepo wa matairi ya tela, nati za rimu, beringi hazina joto wala mlio.
- Alama za rangi kwenye bolti hazijasogea.

Fundi akikwambia hayo yote ni mbwembwe na kwamba yeye kachomelea bampa miaka kumi, muulize swali moja tu: huo mzigo unashikwa na nini mpaka kwenye chasisi? Afuate kwa kidole toka kwenye mpira hadi kwenye reli. Kidole kikiishia kwenye bampa, chukua ufunguo wako uondoke.

Mwenye nyongeza, hasa mafundi na madereva wa njia ya Iringa na Singida, uwanja wa maoni huo hapo chini. Tusahihishane kwa heshima.

Naomba kuwasilisha.